Aliyekuja Posta Kuuliza Kaburi

Wanangu mnaoingia kazini sasa, kwanza namshukuru Mola aliyenibakishia pumzi na kumbukumbu, maana vyote viwili ni mali yake na anaweza kuvichukua wakati wowote. Juzi mjukuu wangu, msichana aliyepata ajira karibuni katika kampuni ya kusafirisha vifurushi, alikuja kunisalimia hapa Ujiji. Akaniuliza kwa utani, "Babu, miaka yote ile posta mlikuwa mnafanya nini zaidi ya kugonga mihuri?" Nikamwambia ndiyo, tulikuwa tunagonga mihuri. Akacheka, akamaliza chai yake, akaondoka. Mimi nikabaki na swali lake, kwa sababu upo muhuri mmoja ambao sijapata kumsimulia, na nadhani yeye na wenzake wanaoshika mizigo ya watu wanastahili kuusikia.

Tawi letu lilikuwa dogo, si mbali na ziwa, na siku hizi halipo tena, kwa hiyo jina lake haliwasaidii kitu. Watu walituona dirishani tukiuza stempu, wakadhani kazi ndiyo hiyo. Kazi yenyewe ilikuwa nyuma ya ukuta. Mifuko ya turubai ilitoka kwenye treni, tukaifungua, tukaimwaga mezani, kisha kila barua ikatafutiwa kisanduku chake. Hatukuwa na watu wa kupita nyumba kwa nyumba. Mwenye sanduku la posta alikuja na ufunguo wake. Asiye na sanduku aliandikiwa kwa mkono wa mtu mwingine: mwenye duka, imamu, padri, mwalimu wa shule. Ndiyo kusema anwani ya maskini ilikuwa ni mtu mwenziwe. Huyo mwenziwe akihama, akifilisika au akigombana naye, anwani imekufa.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Almasi, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Siku ya kwanza aliniona nikitupa barua kwenye visanduku kwa mbali, kama mtu anayecheza. Akaniita.

"Wewe si unafundisha watoto chuo cha Kurani jioni?"

"Ndiyo, mzee."

"Unawafundisha nini kuhusu amana?"

Nikamweleza vizuri, maana somo lile nililijua: kitu ulichokabidhiwa si chako, na utaulizwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi leo jioni usiwafundishe. Kaa nyumbani upumzishe mkono wako unaorusha." Tangu siku hiyo wenzangu wakaniita Mwalimu, nusu kwa heshima na nusu kwa kunicheka, na jina likanishika mpaka nastaafu.

Mzee Almasi alitufundisha kusoma bahasha kwa sauti. Alisema jicho linaona herufi, lakini aliyeandika aliandika alichosikia. Huku kwetu wengi Kiswahili tumekikuta baada ya Kiha, na ra na la zinabadilishana viti bila kuombana ruhusa. Barua ya Haruna ilikuja kwa jina la Haluna, ya Rehema ikaja kwa Lehema, na ukitafuta kwa jicho tu utasema watu hao hawapo. Ukilitamka jina, mtu anatokea. Niliwahi kupokea bahasha iliyoandikwa hivi: "Kwa baba yangu mwenye mguu mfupi, anauza migebuka Katonga." Hakuna sanduku, hakuna jina. Ilimfikia siku ile ile, maana niliwapa wachuuzi wa samaki waliokuwa wakirudi huko, na walianza kucheka kabla sijamaliza kuisoma. Wiki hiyo hiyo barua moja ya kiofisi, iliyopigwa kwa mashine na kunyooka kila mstari, ya bwana mmoja wa Katubuka, ilirudi ilikotoka kwa kukosa mwenyewe.

Nawaeleza haya ili muelewe kwamba hatukuwa wavivu. Barua nyingi zilishindikana, na kila iliyoshindikana ilikuwa na sababu. Kwa ajili ya sababu hizo tulikuwa na mihuri. Mmoja ulisema HAJULIKANI. Mwingine HAIKUCHUKULIWA. Wa tatu AMEFARIKI, na huo Mzee Almasi aliuweka peke yake ndani ya droo, umefungwa kwenye kitambaa. Alituambia haugongwi mpaka tumesikia kwa mdomo wa mtu aliyekuwepo mazikoni. Hata alipostaafu yeye, tuliendelea kuuogopa. Wa nne ndio uliokuwa mwepesi kuliko yote, tuliugonga huku tukizungumza habari za mpira. Ulisema AMEHAMA.

Kisha ikaja ile miaka ya wakimbizi. Nyinyi wengine hamjazaliwa, wengine mlikuwa mgongoni. Watu walitoka Burundi kwa miguu kupitia milimani, na wengine walivuka ziwa kutoka upande wa pili wakiwa wamejazana kwenye mitumbwi, na pwani yetu yote ikawa na watu waliokaa juu ya vifurushi vyao. Wenyeji walipokea walioweza. Msikiti wetu ulilaza familia za Wakristo, na parokia ililaza familia za Waislamu, na sikumbuki mtu aliyeuliza. Wengi walikaa Ilagala na vijiji vya jirani, wakisaidia kuanika dagaa na kulima. Baada ya muda yalikuja malori, wakakusanywa na kupelekwa makambini, Kasulu na mbele yake. Malori hayakuacha anwani.

Na barua zilianza kuja. Ndugu waliopotezana njiani walikuwa wakitafutana kwa kalamu. Nao wana desturi yao ya majina: baba ana lake, mama ana lake, kila mtoto ana lake, hakuna jina la ukoo la kuwaunganisha. Mtoto wa saba ni Nyandwi, wa nane ni Minani, pacha wa kwanza ni Bukuru. Basi unapokea bahasha imeandikwa "Bukuru, mkimbizi, Kigoma." Bukuru yupi? Tulikuwa tunatoka kibarazani kusoma majina kwa sauti, kama Mzee Almasi alivyotuzoesha. Wakati mwingine waliitika watu wengi kwa jina moja. Wakati mwingine hakuitika mtu.

Asubuhi moja dirishani alikuwa mkuu wetu mwenyewe, Bwana Mhina. Alikuwa mtu wa Tanga, mpole lakini wa kufuata taratibu, Kiswahili chake kimenyooka kama shati lake. Mimi nilikuwa mezani nyuma nikipanga barua, na kando yangu alikuwa Perpetua, Muha wa Kasulu, Mkatoliki wa kweli kweli, mwenye ulimi mwepesi na moyo mwepesi zaidi. Akaingia mwanamume mwenye nywele zilizoachwa na ndevu zilizofunika shingo, koti la kaki limechanika begani. Alivua kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, ndugu. Nikusaidie nini?"

"Nimekuja mnionyeshe kaburi ya bibi yangu."

Bwana Mhina akamwangalia. "Kaburi? Hapa ni posta."

"Ndiyo. Posta. Ni nyinyi mliniandikia."

"Pole sana kwa msiba. Alikuwa ameshakula chumvi nyingi, bibi?"

"Hapana. Alikuwa bado kijana. Tulikuwa tumeoana mwaka moja tu."

Bwana Mhina akageuka akaniangalia mimi, uso umemsawijika. Nikamwambia, "Anasema mke wake. Kwao bibi ni mke. Hata kwetu Ujiji wazee husema hivyo." Akarudi kwa yule mtu, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Jina lako nani, ndugu yangu?"

"Melkiyoli. Bibi yangu ni Spesiyoza."

Akatoa bahasha ndani ya koti, akailaza juu ya kaunta kwa mikono miwili. Niliitambua, maana niliipitisha mwenyewe. Aliiandika kutoka kambi moja ya kaskazini, huko Ngara, kwa Spesiyoza kwa mkono wa Mzee Sudi, mwenye duka Ilagala. Mzee Sudi aliirudisha kwetu na habari kwamba mwenyewe kapandishwa lori. Tukagonga muhuri, tukairudisha kwa mtumaji kama utaratibu ulivyotaka. Muhuri ulikuwa hapo, wino umekolea: AMEHAMA.

"Sasa hapa pana kosa gani?" Bwana Mhina aliuliza, na hakuuliza kwa ukali. "Imeandikwa amehama."

"Ndiyo," Melkiyoli akasema. "Amehama. Nimesoma."

Perpetua alikuwa amesimama nyuma yetu. 

"Mwalimu," aliniambia pole pole, "hebu usome huo muhuri wako kwa masikio ya Kiha."

Nikausoma kwa sauti. Bado sikuelewa.

"Kuhamba," Perpetua akasema. "Kwetu na kwao, kuhamba ni kuzika. Huyu mtu tumemwandikia kwamba mkewe kazikwa."

Wanangu, nimefanya kazi na maneno maisha yangu yote, ya Mungu jioni na ya watu mchana, na sijapata kuona neno dogo likibeba uzito kama lile. Muhuri ulisema kweli. Aliyegonga aligonga sawasawa, na aliyesoma alisoma kwa akili. Alijua kwamba mwana kwao ni umwana, nyama ni inyama, kutuma ni gutuma. Alijua kwamba Waswahili wakisema amekuja au amekula, jambo limekwisha kutendeka. Akaunganisha mwenyewe, kule kambini, bila mtu wa kumuuliza, akaona ni kuhamba ile ile, Waswahili wameangusha b tu. Amehama. Imekwisha, wamemzika.

Perpetua akazunguka kaunta akamwendea. Alimweleza kwa Kiha, polepole, na Kiha na Kirundi wanaelewana kama watoto wa baba mmoja. Hakuzikwa. Alihama. Alitoka mahali akaenda mahali. Nilitegemea yule mtu apige kelele au aanguke chini kwa furaha. Hakufanya hata moja. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Ni nani amemwona?"

Hatukuwa tumemwona, hata mmoja wetu.

"Basi mniache," akasema. "Nimelia, nimemaliza. Msinifufulie mtu halafu mnizikie tena."

Tulimkalisha ndani, Perpetua akamletea uji. Ndipo alipotueleza mengine. Alikuwa na mama yake kambini, na wazee wa kwao walimsaidia kumwomboleza mke asiye na kaburi. Siku ya kumaliza matanga, ambayo wao huiita kuganduka, ilikuwa imepangwa, na nywele na ndevu alizoziacha zingenyolewa siku hiyo. Tena wazee walikuwa wameshamtafutia msichana, wamezungumza na kaka zake, na siku ya kuganduka ikishapita wangemwoza. Yeye aliomba kwanza aje alione kaburi. Alisafiri kwa malori ya watu, akilala walipolala, ili akirudi aweze kusema mbele ya wazee kwamba ameliona. Sasa angerudi aseme nini?

Bwana Mhina akaitazama tena anwani iliyokuwa juu ya bahasha. Kisha akasema, "Mwalimu, mtafute huyo mwenye duka."

Haikuwa kazi ngumu. Mzee Sudi alikuwa haachi kuja Katonga kuchukua dagaa, na nilimkuta pale pale kwenye magunia akibishana na wapagazi. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, babu zake walikuja Ujiji na misafara ya biashara na mdomo wake bado ulikuwa wa biashara. Nilipomuuliza kama Spesiyoza amekufa, alishika kiuno.

"Afe yule? Mwalimu, siku anapanda lori alinigombeza mbele ya wateja wangu wote! Aliniachia sufuria yake nimtunzie, mke wangu akaiuza kwa kutojua. Nilimpa nyingine mpya, akakataa, anataka ile ile. Alinitukania mpaka duka. Mtu mwenye hasira zile hafi mapema."

Nikacheka, naye akacheka. Kisha akaacha. Akanivuta kando ya magunia.

"Lakini nikwambie kweli. Kule walikopelekwa, mwanzoni paliingia maradhi ya kuhara. Waliondoka watu wengi. Mimi sijasikia habari yake tangu siku ile. Usimwambie huyo mtu kwamba Sudi kasema yuko hai. Mwambie Sudi kasema alipanda lori akiwa mzima."

Nikampelekea Melkiyoli maneno hayo hayo, bila kuongeza wala kupunguza. Alitikisa kichwa, akaniuliza kama kweli alimgombeza mtu kwa ajili ya sufuria. Nikasema kweli. Kwa mara ya kwanza nikaona kitu kama tabasamu ndani ya zile ndevu. "Ilikuwa ya mama yake," akasema, na tabasamu likazimika.

Gari la barua lilikuwa liende Kasulu, na Bwana Mhina akaamua twende naye, mimi na Perpetua. Kabla hatujaondoka mkuu aliuchukua ule muhuri akaufungia kabatini, akataka tuandike kwa mkono badala yake, kwa maneno yasiyoweza kukosewa. Tukaanza kubishana maneno gani. Yeye alipendekeza "mwenyewe ni mzima lakini hayupo."

"Mzima tumejuaje?" Perpetua akamuuliza.

"Basi, 'mwenyewe hayupo.'"

"Hayupo, mkuu? Kwetu hayupo ndiyo kafa kabisa."

Bwana Mhina akavua miwani akaifuta. Mwishowe tukakubaliana, na kwa miaka iliyofuata barua zilitoka kwetu zikiwa zimeandikwa: "Aliondoka hapa kwa miguu yake, aendako hatukujua." Wakubwa waliwahi kutuuliza ni lugha gani hiyo ya kiofisi. Mkuu akawajibu kwamba ni Kiswahili. Enyi mnaoandika ujumbe wa kutumiwa watu wengi kwa mara moja, kumbukeni mabishano yale. Msiulize tu kama neno ni sahihi. Mtafuteni mtu wa lugha nyingine awasomee kwa masikio ya kwao.

Njiani kulikuwa na vumbi jekundu na mazungumzo machache. Perpetua alishika rozari yake, mimi nilikuwa na tasbihi yangu, na Melkiyoli katikati yetu hakushika kitu. Baadaye Perpetua alimnong'oneza kama hataki kusali pamoja naye. Akasema alishasali sala zote za marehemu, sala ya mtu asiyejulikana kama yuko au hayuko hajafundishwa. Perpetua akasema, "Basi mimi nitasali, wewe itikia tu." Akaitikia. Mimi nikamwomba Mwenyezi Mungu kwa namna yangu, si kwamba tumkute hai, maana hilo lilikwisha kuandikwa huko nyuma, bali atupe nguvu ya kulibeba lolote tutakalolikuta.

Kambini barua zilitolewa kwa kusomwa. Mwalimu mmoja mkimbizi, mtu mwembamba mwenye sauti ya kanisani, alisimama juu ya jiwe karibu na ghala la posho, na watu walijaa mpaka chini bondeni. Tulimweleza shida yetu. Akasema njia rahisi ni kuliita jina, na wala tusitaje zaidi, maana tukisema mume anamtafuta mkewe watatokea hata wasio wake. Melkiyoli alikwenda kukaa nyuma ya gari, ametupa mgongo.

"Spesiyoza!" yule mwalimu wa kambini akaita.

Walikuja wanawake, wanangu. Walikuja wakisukumana, mmoja ana mtoto mgongoni, mmoja ni bibi kizee anaongozwa kwa fimbo, mmoja msichana mdogo bado ana mikono ya unga. Wote ni Spesiyoza, na wote walidhani barua yao imefika. Perpetua alimwendea Melkiyoli akamwomba ageuke. Akageuka, akawatazama mmoja mmoja. Akatikisa kichwa.

Yule bibi kizee alinishika mkono. "Baba, iko wapi barua yangu?"

"Haipo, mama," nikamwambia. "Hatukuja na barua leo. Tunamtafuta mtu."

"Mmeniita," akasema. "Nimesikia mmeniita."

 Katika kazi yangu nimerudisha barua zisizo na idadi, lakini barua hurudishwa kwa mtu wa mbali ambaye humwoni uso. Pale nilikuwa nimewaita wenyewe, wamekuja kwa miguu yao, na mkononi sina kitu. Nilimwomba radhi. Aliniombea heri, kama wazee wanavyofanya hata wakiwa wameumia, akaongozwa akaondoka. Zipo nyakati za swala ambapo bado namwombea, kwa jina lake hilo, na Mola anamjua ni yupi.

Msichana mwenye unga mikononi hakuondoka. Alisema yuko Spesiyoza mwingine, huwa haji kwenye barua. Zamani alikuwa akija kila mara barua zikisomwa, anakaa mbele kabisa, kisha siku moja alisimama katikati ya usomaji akaenda zake na hakurudi tena. Anaishi upande wa juu, karibu na bomba.

"Ni mgomvi?" nikamuuliza.

Msichana akaziba mdomo kwa mkono wake mweupe. "Wewe umeambiwa na nani?"

Tulipanda njia ya bomba. Melkiyoli alitembea nyuma yetu, na kila nilipogeuka nilimkuta amesimama, nikalazimika kumngoja. Perpetua alitaka kumshika mkono, nikamwashiria amwache. Mtu anayekwenda kaburini huenda kwa mwendo wake, na yeye hakuwa bado amejua kama anakwenda kaburini au nyumbani.

Nyumba ilikuwa ya udongo, imepakwa vizuri. Mwanamke alikuwa amekaa mlangoni na ungo mapajani, akichambua maharage, kichwa kimeinama. Perpetua akabisha hodi. Yule mwanamke aliinua uso, akatupita mimi na Perpetua kwa macho, akafika kwa mtu aliyesimama nyuma yetu. Ungo haukuanguka. Aliushika tu kwa nguvu, maharage yakacheza.

Hakuita jina lake. Alizitazama nywele, akazitazama ndevu, akasimama taratibu, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya kuogopa. Walisema kwa lugha yao, na Perpetua alinitafsiria, ingawa mengi niliyaelewa mwenyewe.

"Melkiyoli. Ni nani amekufa?"

Yeye akavua kofia.

"Ni mama?"

"Mama mzima. Yuko kambini, anakusalimu." Nadhani hakujua alichosema, maana mama yake alikuwa ameshamlilia.

"Ni kaka yangu?"

"Sina habari za kaka yako."

"Sasa ndevu hizi ni za nani?"

"Ni zako," akasema.

Spesiyoza akaketi tena pale mlangoni. Aliweka ungo chini, akayasawazisha maharage kwa kiganja, muda mrefu, kama mtu ambaye hana kazi nyingine duniani. Perpetua alianza kumweleza habari za posta na za muhuri, na mwanamke akainua mkono kumnyamazisha bila kumtazama.

"Uliniomboleza vizuri?" akamuuliza mumewe.

"Vizuri."

"Ulilia?"

"Mwulize mama."

Akaingia ndani. Tulimsikia akifungua kitu, akifunga kitu. Melkiyoli alibaki amesimama uani, kofia mkononi, kama mtu aliyefika ofisini. Perpetua alilia bila kujificha, nami nilikuwa nikimshukuru Mungu moyoni, nikatafuta gogo nikakaa. Mwanamke alitoka na bakuli la maji, kipande cha sabuni na wembe. Majirani walikuwa wameanza kukusanyika. Mzee mmoja miongoni mwao alipouona wembe alikohoa, akasema jambo kwa heshima, na Perpetua akaninong'oneza maana yake: kwao aliyefiwa hajinyoi, wala hanyolewi na yeyote tu, hunyolewa na mkubwa wa ukoo wa marehemu.

Spesiyoza alimwitikia mzee kwa adabu, akapiga magoti, akaloweka sabuni.

"Ukoo wa marehemu uko hapa wote, baba," akasema. Kisha akamgeukia mumewe. "Kaa chini. Inamisha kichwa."